Siku ya Sitini na Moja

Wenzangu, jambo hili nimelificha miaka kwa aibu, lakini juzi binti yangu alibonyeza kitu kwenye kompyuta yake, tarehe ikageuka namba tupu, akaniambia, "Baba, humu ndani tarehe zote ni siku zilizohesabiwa tu," nami jasho likanitoka, maana namba ya namna hiyo ndiyo iliyoniumbua Malindi ya kwetu visiwani mwaka wa sabini na mbili.

Nilikuwa karani wa ofisi ya meli, na kwa Salma, mpiga chapa wetu, nilikuwa hoi (bado sikumwambia, nikimsubiri mama yake arudi Hija nipeleke posa). Basi akaja Haroub. Alipelekwa Dar miezi mitatu kusomea kompyuta, akarudi akapewa meza yangu ya dirishani, mimi nikasukumwa chumba cha nyuma kutazama ukuta. Kila ikija karatasi ya mashine na tarehe zake zisizo na mwezi, zimehesabiwa tu toka Januari mosi, siku ya kumi, siku ya arubaini, Salma humkimbilia Haroub, na wakicheka kule mimi huku roho inaniuma. Nilimwonea wivu mpaka kalamu yake.

Ikaja karatasi ya meli ya mahujaji: siku ya sitini na moja. Haroub alikuwa msikitini.

"Haroub yuko wapi?" Salma akauliza. "Nataka kujua mama anafika lini."

"Haroub wa nini? Babu yangu Makunduchi akihesabu siku toka sikukuu ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, mpaka Mwaka Kogwa, mia tatu sitini na tano, hazipungui wala hazizidi!" Januari thelathini na moja, Februari ishirini na nane, zikabaki mbili. "Tarehe mbili Machi, Alkhamisi."

Akanichekea, safari hii mimi, na karatasi nikaitia mfukoni ili Haroub asiione kabisa.

Jumatano Salma akaomba ruhusa akapambe nyumba. Saa nne asubuhi, ofisi imejaa watu, akaingia bibi mmoja na dumu la Zamzam.

"Mwanangu, nimekuja na meli ya mahujaji, sioni mtu wa kunipokea."

"Bi mkubwa, meli hiyo inafika kesho."

"Nshashuka, baba."

"Haiwezekani!" (na nikaipiga meza, jamani, nikaipiga meza) "Hesabu nimefanya mwenyewe, siku ya sitini na moja ni kesho!"

Akajitazama juu mpaka chini. "Basi mimi niko wapi?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Haroub akainuka dirishani. "Shikamoo, bi mkubwa. Meli yako naiona ile pale. Leo ndiyo siku ya sitini na moja, Februari ya mwaka huu ina ishirini na tisa."

Na jana yake tu, kwa mkono wangu huu, barua zote nilikuwa nimeziandika tarehe ishirini na tisa!

"Marahaba, mwanangu. Na Salma wangu mbona hakuja?"

Nilitamani ardhi inimeze. Haroub akabeba dumu na mizigo, akampeleka mpaka nyumbani, na yule mama hakunigeukia hata mara moja.

Posa yangu haikutoka mdomoni. Baada ya miezi ikaja kadi ya harusi ya Haroub, na chini ya tarehe Salma kaandika mwenyewe: "Ni Jumapili. Usihesabu."

Tangu hapo simtajii mtu tarehe kabla sijatazama kalenda ukutani, na karatasi ya mtu siifichi tena. Lakini nikiwaona wawili wale Forodhani, uzee huu wote, wallahi bado naumia.