Mbuzi za Salon ya Shangazi Kavira

Juzi, kule Bulengera, nilisikia wazee wakibishana juu ya mbuzi za posa ya mjukuu wangu, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka salon ya shangazi yangu Kavira, chumba chake cha kupokea wageni, wakati wa vita, nikiwa mtoto mdogo.

Kila siku ya Mungu, Abbé Paluku, padri wa Katoliki, na Pasta Kambale walikuja kwake kubishana: wafu wanatusikia ao hapana? Shangazi aliwapa chai ya tangawizi na kuwaambia, "Mwenye kupiga kelele ataosha vikombe."

Siku moja waasi wakasukuma mlango. Wakati ule walikuwa wanaua watu wa masomo na wa kanisa.

"Réunion ya nini hapa? Munafanya mkutano wa siri?"

"Réunion gani, baba? Hii ni posa ya Masika," shangazi akajibu. "Huyu mzee ni upande wetu, ule ni wa bwana arusi. Lakini banatupunja!"

"Mbuzi kumi zinatosha!" Pasta akadakia.

"Kumi? Masika ni kuku?" Abbé akapiga meza, vikombe vikaruka.

Mimi sikujua kama ni mchezo. Masika alikuwa dada yangu, amesimama pale na birika ya chai. Nikakamata kitenge chake, nikalia kwa nguvu, "Musimupeleke!"

Mkubwa wa waasi akanitazama, akacheka. "Machozi haya ni ya posa kweli. Mzee, ongeza mbuzi mbili!" Wakakunywa chai yetu, wakaenda.

Shangazi akafunga mlango, akapiga kigelegele.

"Abbé, umepiga kelele. Osha vikombe."

Akaviosha akiimba. Na mimi nikakaa mlangoni, nikingojea mbuzi.