Kazi Yake ni Bize

Katibu wa jumuiya ya kanisa anakosali mama yangu, kule kwetu Misunkumilo, ana daftari lenye safu ya kazi za watoto wa waumini. Mmoja ni muuguzi, mwingine fundi cherehani, wengi ni wakulima. Mbele ya jina langu pameandikwa: Bize.

Mama ndiye aliyesema hivyo. Kiswahili amejifunzia sokoni, ukubwani, baada ya Kipimbwe chake, na maneno ya Kiingereza yaliyojipenyeza humo huyapokea yanavyokuja, bila kuyauliza kabila. Kwa miaka kadhaa, kila alipopiga simu Dar es Salaam, mke wangu alimjibu, "Mama, yuko bize." Mama akajumlisha. Mtoto kasomeshwa mpaka chuo kikuu; asubuhi yuko bize, jioni yuko bize. Basi hiyo ndiyo kazi waliyompa. Katibu alipouliza, akajibu bila kusita, na katibu akaandika bila kuinua kichwa. Watu wa mtaani wakaanza kumwita Mama Bize, naye akaitika kwa fahari. Wapo waliodhani ni cheo kilicho juu ya meneja.

Niliposikia nilicheka sana. Niliwasimulia wenzangu kazini, nao wakacheka, kisha kila mmoja akasema samahani, yuko bize, akaondoka.

Nalidharau neno hili, na sijui mtu aliyelitumia kunizidi. Kwa Waingereza humhusu mtu mwenye kazi mkononi. Sisi tulipolichukua, kazi tuliiacha hukohuko. Kiswahili hakikuwa na upungufu. Lakini ukisema una shughuli, mtu atakuuliza shughuli gani, nawe itabidi utaje: naezeka, nauguza, nina msiba. Bize haiulizwi. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Bize na nini?" labda awe anatafuta ugomvi. Kwa hiyo limekuwa neno la kila asiyetaka kuulizwa. Pale Makanyagio, si mbali na kwa mama, nimewahi kumkuta dereva wa bodaboda amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, simu usoni. Nikamwambia anipeleke Nsemulwa. "Niko bize, mzee," akasema, na hakugeuka. Kuna afisa mmoja ambaye bize yake ni koti lililotundikwa kwenye kiti. Koti liko kazini, yeye hayupo. Na ukiona mtu amejaa habari za ndoa ya jirani, watu husema yuko bize na maisha ya watu. Hapo tu ndipo neno linapokuwa na kazi ndani yake.

Ofisini kwetu bize ilikuwa vazi. Mtu alipita kwenye korido mbiombio na karatasi moja mkononi, kumbe anakwenda chooni. Mimi nilikuwa na faili kabisa. Nililibeba kila niliponyanyuka kwenye kiti, na hadi leo siwezi kukuambia ndani yake mlikuwa na nini.

Sasa, mama ana shamba la mahindi na mihogo pembezoni mwa Misunkumilo. Mpaka wa upande mmoja ulikuwa mstari wa mikonge ambayo mimi na marehemu baba tuliipanda nikiwa kidato cha pili. Eneo la jirani lilipopata mwenyewe mpya, mikonge ikaanza kupungua, mmoja baada ya mwingine. Mama akaenda baraza la kata. Wakamwambia alete shahidi anayeujua mpaka. Aliyeujua alikuwa amekwisha kufa, na mwingine nilikuwa mimi.

"Baba, njoo uwaonyeshe," aliniambia kwenye simu. "Imebaki minne."

"Mama, kipindi hiki niko bize kidogo."

"Haya baba. Kazi kwanza." Nikamsikia akiwageukia watu na kuwaeleza, kwa sauti ya heshima, kwamba nimeitwa kazini.

Tulikuwa tunaandaa warsha ya matumizi bora ya muda. Sehemu yangu ilikuwa kupanga nani akae karibu na nani.

Nilifika kiangazi cha mwaka uliofuata. Wajumbe wa baraza walikuwa wamekwisha fika shambani: mwenyekiti, mzee mwingine mmoja, na akina mama wawili. Mama alisimama na jembe lake, jirani na mikono nyuma. Mikonge haikuwepo hata mmoja. Palipokuwa na mstari palikuwa pamelimwa kwa ng'ombe hadi kwenye mihogo ya mama, na udongo ulikuwa umelala sawasawa, kama hapajawahi kuwa na mpaka.

"Ndiyo wewe Bize?" akaniuliza mjumbe mmoja wa kike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tuonyeshe basi. Nyie wa Dar hamkai, na sisi tuna karanga za kung'oa."

Nilikumbuka kwamba mstari ulianzia kwenye kichuguu. Kichuguu kilikuwa kimechimbwa kwa ajili ya matofali, na mahali pake palikuwa na vinundu viwili, kimoja huku, kimoja kule. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilitembea kwa hatua za mwenye shahada mpaka kwenye kimojawapo, nikakanyaga na kusema, "Hapa."

Jirani alinitazama kama mtu aliyeongezewa nyama bila kuomba.

"Mimi sikudai mpaka huko," akasema. "Alama yangu ile pale. Lakini kama shahidi wa mama ndiye aliyesema..."

Wajumbe wakaangua kicheko. Nilikuwa nimesimama hatua kumi ndani ya shamba la mama kupita alama ya mtu anayemnyang'anya.

"Baba, sogea," mama akasema taratibu.

"Nisogee wapi?"

"Kule. Kule kule."

"Mama Bize, usimfundishe shahidi!" mjumbe akamkemea.

Mwenyekiti akaniuliza niliambiwa lini nije. Nikasema mwaka jana. Akauliza, mwaka jana mikonge ilikuwepo? Mama akasema ilikuwepo minne. "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Nina shahada mbili za lugha. Aliyenijibia ni mama, uso wake umetulia, bila hata chembe ya kejeli: "Alikuwa bize." Wajumbe wakatikisa vichwa polepole, kama watu wanavyofanya wakiambiwa mtu alikuwa amelazwa, au amefungwa.

Wakasuluhisha. Mpaka ukawekwa kwenye alama ya jirani. Mpaka wangu hata yeye aliona aibu kuuchukua. Kipande cha mihogo kikaenda. Mama akapewa hadi mwisho wa juma kuivuna, akatia dole gumba kwenye karatasi, akauliza tu kama vipando, vile vijiti vya kupandia tena, navyo ni vyake. Akaambiwa ni vyake.

Tulianza palepale. Nilishika shina la kwanza nikavuta kwa nguvu zangu zote. Shina likatoka, mihogo ikabaki chini, imevunjika. La pili hivyohivyo. Mama alipita nyuma yangu na jembe akifukua nilichoacha, akikata vipando na kuvifunga matita. Jirani alikuja akasimama upande wake mpya.

"Vuneni taratibu tu," akasema. "Mimi sina haraka."

Mama alimshukuru. Mihogo mizima aliipanga kwenye kiroba. Iliyovunjika akaisukuma kando kwa mguu, rundo likawa kubwa kuliko kiroba, na alipoona ninaitazama akasema, "Hiyo ya kwako tutakula leo baba. Ikishavunjika haifiki kesho."