Omo Kule, Jeti Huku

Hebu fikirini mko nami kwenye boti ya injini inayotoka Wasini kwenda Shimoni. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yanakimbia kama mto, na mbele yetu mama amempakata mtoto anayehema kwa shida. Zahanati iko ng'ambo, karibu na jeti, gati la kushukia abiria.

Nahodha akaelekeza omo, ncha ya mbele ya boti, kushoto, mbali na jeti.

“Baba, jeti ile pale!” mama akalia, akiinyoshea kidole. “Unatupeleka wapi?”

“Naiona, mama.”

“Basi iendee! Ongeza moto wa injini!”

“Nikiielekea, mkondo utatutupa bahari kuu, na moto wetu wote.” Hakugeuza kichwa. “Usitazame omo. Tazama jeti.”

Tukatazama. Boti ilikwenda ubavuubavu kama kaa, mkondo ukiisukuma kulia, na jeti ikazidi kukaribia. Mama aliruka ngazini kabla kamba haijafungwa. Mtoto akalia kwa nguvu, nami nikashusha pumzi.

Darasani nilifundisha miaka mingi kwamba kasi ni wepesi wa mwendo tu. Ukiitaja pamoja na uelekeo, hiyo ndiyo velositi. Wanafunzi waliandika, wakasahau. Nawaomba mkumbuke hili moja: kabla ya kuongeza moto, tazameni mkondo unakowapeleka.