Jiwe Lenye Maji Ndani Yake

Majina yao wote ninayo: la babu yangu, la bibi, la yule mwanamke mwenye furungu la mguuni, hata la paka aliyekuwa akilala karibu na jiko. Sitayaandika. Wenyewe wametangulia mbele ya haki, na jambo lenyewe lina siri ya mtu.

Babu alikuwa sonara. Akifanya kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu, miaka ile ya vita vya Wazungu. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Kazi yangu ilikuwa kukaa ubavuni mwake nimtazamie boraksi.

Boraksi ni jiwe jeupe, mfano wa chumvi ya mawe. Fundi hulisaga, hulipaka penye ufa wa fedha, huweka vipande vya lehemu, kisha hupuliza moto kwa mrija wa shaba. Mjukuu wangu aliyeyasomea mambo haya ameniambia kwamba karibu nusu ya uzito wa jiwe lile ni maji, yamefungwa ndani, na ukilishika ni kavu. Moto ukilipata, maji hutoka, nalo jiwe hufura kama povu. Halafu hunywea, hulala, huwa kioo. Kioo hicho ndicho kinachosafisha fedha, na hapo lehemu hukimbia yenyewe. Ukizidisha moto kidogo tu, fedha nayo inayeyuka.

Babu alikuwa hakioni tena kioo kile. Tuliojua ni mimi na bibi. Akiniuliza polepole, "Bado?" nami nikimjibu, "Bado," mpaka niseme, "Tayari." Wateja walidhani ni mchezo wetu.

Alikuwa na makopo mawili, moja la boraksi, moja la shabu, ambayo aliichemsha kusafishia weusi wa fedha. Zikisagwa, zote ni unga mweupe. Yeye alizitofautisha kwa ncha ya ulimi: shabu hukaza mdomo, boraksi ina ladha ya sabuni. Lakini hii ilikuwa Ramadhani, na bibi alikuwa amefagia chumba kwa ajili ya Idi, makopo akayaondoa na kuyarudisha.

Yule mwanamke alileta furungu la marehemu mamake, limevunjika penye bawaba. Bintiye angelivaa Idi. Akaketi kitako.

"Nenda zako nyumbani, mama, nitakuletea," babu akasema.

"Siendi. Fedha siku hizi ina miguu, fundi."

Babu akacheka. Akaninong'oneza, "Hebu onja, ni lipi?"

"Nimefunga, babu." Ilikuwa saumu yangu ya kwanza, na nilikuwa najivuna nayo. Nikamsogezea kopo la kushoto, mahali pa boraksi siku zote.

Akapaka, akapuliza. Unga ukafura.

"Bado?"

"Bado."

Ukabaki vile vile, mweupe, mkavu kama bisi. Haukunywea. Vipande vya lehemu vikajikunja vidonge na fedha ikaanza kuwa nyeusi.

"Bado?"

Nikijibu "bado," ataendelea kupuliza mpaka furungu liyeyuke. Nikisema lililopo, yule mama atajua. Ukingo wa fedha ukaanza kung'aa.

"Babu, acha! Haiwi kioo. Ni shabu!"

Mrija ukashuka. Yule mwanamke akamtazama babu, akanitazama mimi, akapitisha mkono mbele ya macho ya babu. Hayakupepesa.

"Fundi. Huoni?"

"Sioni, mama. Mwaka sasa."

"Mwaka mzima watufanyia kazi kwa macho ya mtoto?"

"Kwa macho ya mtoto. Ukitaka, lichukue umpelekee mwingine. Sitakulaumu."

Yule mwanamke akaliinamia furungu. "Hili ulimtengenezea mamangu wewe mwenyewe," akasema. "Malizia."

Babu akalisugua lote, akachota unga wa kopo la pili, akaweka chembe juu ya kaa. Sasa akauliza kwa sauti, hakunong'ona tena. "Waona nini?"

"Imefura. Imelala. Imekuwa kioo."

Akapaka, akapuliza, nikasema, "Tayari," na lehemu ikakimbia ufa mzima. Bawaba ile ilishika.

Yule mwanamke hakuwa mbaya, ila hakuweza kulificha neno. Idi ilipofika watu walikuja kumwamkia babu mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa huruma, wakanipa mimi vipesa. Hakuna aliyekuja na kazi. Mfungo mosi wote, mwezi mzima baada ya Ramadhani, jiko halikuwashwa.

Siku moja nikamwambia, "Babu, nisamehe. Ningeonja."

"Saumu yako ilikuwa ya kweli," akasema.

"Basi ningenyamaza."

Akageuza uso upande nilipo, akakosea kidogo, akawa anatazama mlango. "Ungenyamaza, ningeyeyusha furungu la mtu aliyekufa, na mwanawe ananitazama. Mimi hapo ningewaambia nini, mama na mwana?"

Akaniagiza nimfungie vifaa vyake kwenye kitambaa. Nikavifunga.