Baba Mkwe Mlangoni

Baba mkwe wangu alipoanza kuniongelesha Kiswahili, nilijua mambo yameharibika. Kwetu huku, juu ya Keroka, Kiswahili ni cha karani, cha askari, na cha muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti. Watu wa boma huongea Ekegusii. Tulipohamia hapa kutoka Nairobi, mimi na mume wangu, mzee alinisalimu kwa Ekegusii kila siku, hata nilipomjibu kwa lafudhi ya mtoto aliyelelewa mjini. Halafu asubuhi moja akasimama kando ya ua, akakohoa, akasema, "Habari ya asubuhi." Nilihisi nimeombwa kitambulisho.

Sababu niliijua. Mimi na mume wangu tunatengeneza michezo ya kompyuta, na kazi hiyo tunaifanyia ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi na kuku. Watu wanachuma majani chai, sisi tuko ndani. Watu wanakata ndizi, sisi tuko ndani, tena tunacheka. Kwenye steji ya matatu Keroka mtu alikwisha kusema kwamba sisi ni wale wa kulaghai watu kwenye simu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hili lilipanda mlima lenyewe hadi kwa mzee. Mama mkwe ndiye aliyetupasulia jipu: Jumapili baba wadogo wangekuja kujadili nyumba yetu, kama tunaendelea kuikalia ama apewe shemeji yangu anayelima. Tulikuwa tumehama na kila kitu. Hatukuwa na pa kurudi.

Na kila asubuhi mzee alikuja, akasimama pale uani, macho kwenye mlango wetu wa buluu, kisha akaenda zake. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilimchungulia kupitia pazia nikijiambia kwamba anapima nyumba kwa macho, anaona kitanda cha shemeji kitakaa wapi.

"Tumwonyeshe kazi yenyewe," mume wangu akasema. "Akiiona ataelewa."

Hapo tukaanza kubishana, maana sisi wawili hatutengenezi mchezo wa aina moja. Wake ni wa hadithi: picha ya mtu, maneno chini yake, na majibu matatu unayochagua moja, ndipo hadithi iendelee. Wangu ni ule tunaouita mchezo wa mchanga, kwa sababu mchezaji anaachwa kama mtoto aliyewekwa kwenye mchanga. Hakuna anayemtuma. Alime, ajenge, abomoe. Mume wangu husema mchezo wangu hauna mwenyewe. Mimi humwambia wake ni wa kumshika mtu mkono hadi chooni.

Tulianza na wake, Jumatatu, kwenye tableti, mzee akiwa barazani kwake. Ulihusu kijana anayemweleza babake kwamba ameacha kazi ya mjini. Mzee alichagua jibu la kwanza, kijana na babake wakagombana. Akarudi akachagua la pili, wakagombana. La tatu pia. Akavua miwani.

"Hii majibu nani alichagua?"

"Ni mimi, tata," mume wangu akamjibu babake.

"Sasa unaniuliza nini, na wewe umeshamaliza?"

Nilikuwa nimesimama na birika, nikauma mdomo nisicheke. Moyoni nikasema, kumbe mzee anakijua vizuri kikao cha Jumapili. Huko nako tungeulizwa maoni yetu kwa upole na uamuzi uko mfukoni mwa mtu.

Basi akapewa wangu. Nilikuwa nimeuchora kutokana na kilima hiki hiki: migomba, mistari ya chai, kijito, na nyumba moja ya mabati yenye mlango wa buluu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiiona kila siku. Mzee akauliza mtu anafanya nini humo. Mume wangu akamwambia, chochote. Mzee akavaa miwani tena.

"Chochote," akasema. "Mtu akikuambia hivyo, shika mfuko yako."

Lakini tableti aliichukua. Mume wangu alimweleza kwa Ekegusii namna ya kutumia vidole, na kwamba akimaliza aingie nyumbani alale kitandani, ndipo kazi yake itunzwe, isipotee. Mzee akasema amesikia.

Kesho yake alikuwa uani mapema kuliko kawaida.

"Mimi nilipanda ndizi," akaniambia, kwa Kiswahili bado. "Nikapalilia chai. Leo naangalia, hakuna kitu. Nani ametoa?"

Nilikagua. Hapakuwa na kazi yoyote iliyotunzwa, hata mgomba mmoja. Nikamrudishia, na siku iliyofuata akaja na shtaka lile lile, safari hii na zizi la ng'ombe lililopotea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga ushahidi. Nami sikuwa mjinga. Niliona wazi kwamba hachezi kabisa, anakusanya maneno ya kuwaambia baba wadogo: hawa watu, ukiwapa jasho lako, asubuhi hulioni. Nilikasirika hadi nikaunguza ugali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumempa mwenye shamba jembe, na bado anatuita wezi.

Siku ya tatu nikampelekea chai barazani nipate kumchungulia. Nikasimama nyuma, mbali kidogo, kama inavyompasa mke wa mwana. Na kumbe alikuwa akicheza. Tena alicheza vizuri kuliko watu niliowalipa Nairobi waujaribu. Migomba yake ilikuwa imenyooka. Alipomaliza akamwongoza yule mtu wake hadi kwenye nyumba ya mabati. Akamsimamisha hatua chache mbele ya mlango wa buluu. Akamzungusha nyuma ya nyumba, akamrudisha. Mtu akasimama tena pale pale, anautazama mlango. Kisha mzee akashusha pumzi, akaizima tableti.

Birika nusura linianguke. Kwa Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, heshima na aibu kati ya kizazi na kizazi, na hakuna anayekufundisha kwa sababu hakuna asiyeijua. Mimi na mume wangu tunaijua, ndiyo sababu haikutujia hata mara moja kwamba inaweza kumfuata mtu hadi kwenye mchezo. Nilikuwa nimechora mlango wetu, na nyuma yake kitanda chetu. Halafu tukamwambia mzee, kwa lugha yake, akalale humo. Mtoto wake wa kumzaa ndiye aliyemwambia.

Nilipomweleza mume wangu alijifunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikaenda kwenye kompyuta. Nje ya ile nyumba, chini ya paa, nikaweka kigoda. Mchezaji akikikalia, neno linatokea juu: Imehifadhiwa. Ijumaa mchana, kabla Sabato ya mzee haijaingia, mume wangu akampelekea. Mzee alipanda migomba yake upya. Akamleta mtu wake nyumbani, akakiona kigoda, akamkalisha. Mume wangu anasema alimwacha ameketi hapo hadi mama mkwe alipomwita kula.

Nilifurahi, lakini shaka haikuniisha. Ndipo nikalitazama lile pazia, na uani, na mahali mzee alipokuwa akisimama kila asubuhi. Hapakuwa na kiti. Tangu tuhamie hatukuwahi kumtolea hata jiwe. Ndani haruhusiwi, nje hana pa kukaa. Mtu kama huyo angefanya nini, kama si kusimama na kutazama mlango?

Jumapili asubuhi nikatoa kigoda cha jikoni, nikakipangusa, nikakiweka chini ya paa, karibu na mlango. Mzee alikuja kama kawaida. Alikitazama kile kigoda, akanitazama mimi, akaketi.

Baba wadogo walipofika walimkuta hapo, wakalazimika kuja kwetu badala ya kwenda barazani kwake. Waliongea Ekegusii, wakizungukazunguka, hadi mkubwa wao akauliza moja kwa moja: na hii nyumba, je?

Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Alikuwa ameongea Ekegusii muda wote, lakini jibu hilo alilitoa kwa Kiswahili, bila kumtazama yeyote.

"Imehifadhiwa," akasema.