Bwawa Nililolifunika Turubai

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa tatu, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, nimesimama ndani ya maji ya kijani hadi kifuani, namtafuta mtoto kwa miguu. Nitakueleza nilivyofika humo. Nimesikia umekabidhiwa funguo za nyumba ya watu upande wa Mtumba, nyumba yenye bwawa la kuogelea, na wenyewe huja wakati wa likizo tu. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kuliko uliyoishi. Basi kaa unisikilize, chai ipo.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Nilipokuja Dodoma nilipata kazi Miyuji, kwa mama mmoja daktari aliyekuwa akifanya kazi nje ya nchi. Tulimwita Mama Tunu. Alijenga nyumba chini ya kilima cha mawe ili apumzike na wanawe kila Desemba, na uani akachimba bwawa. Miezi kumi na moja nyumba ilikuwa yangu na ndege. Kabla hajaondoka alinikalisha wiki nzima akanifundisha: pampu iwashwe kila siku saa kadhaa, majani yaokotwe kwa wavu, kuta zisuguliwe kwa brashi, maji yapimwe, dawa ya klorini iwekwe kwa kipimo. Aliniambia vyumba vinaweza kuningoja, mapazia yanaweza kuningoja, lakini maji hayamngoji mtu.

Miezi ya kwanza nilifanya kama nilivyoelekezwa. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Wewe unaujua upepo wa hapa unavyovuma kuanzia mwezi wa sita. Vumbi la Dodoma halina likizo. Unasafisha asubuhi, jioni maji yamevaa utando mwekundu. Nikaanza kujiuliza namsafishia nani. Haogi mtu, haji mtu. Nikaruka siku moja, dunia haikuanguka. Nikaruka wiki. Bandu bandu huisha gogo, na uvivu nao huja hivyo hivyo, kwa vipande vidogo usivyoviona.

Kisha pampu ikaanza kuvuja, ikanguruma siku mbili, ikanyamaza. Hapo ndipo iliponipasa kumwita fundi na kumweleza mwenye nyumba. Sikufanya lolote kati ya hayo. Niliona aibu, maana fundi angeuliza mara ya mwisho nilisafisha chujio la pampu lini. Maji yakaanza kuwa kijani, kwanza kwenye ngazi, halafu kuta zote, mwishowe yakawa mazito kama mlenda. Kila nikipita uani roho yangu inanisuta. Basi nikatafuta dawa ya roho: nikachukua turubai kubwa lililobaki wakati wa ujenzi, nikalitandaza juu ya bwawa, kingo nikazikandamiza kwa mawe. Siku ile nililala vizuri, mwanangu. Ndivyo mtu anavyojidanganya.

Mama Tunu alikuwa akipiga simu kila mwisho wa mwezi. Simu za mkononi zilikuwa ngeni, nami niliipenda ile aliyoniachia kuliko nguo zangu. Akiuliza bwawa, namjibu kwamba liko salama. Desemba ile kazi ikamzuia, hakuja, nami nikashukuru Mungu kwa jambo lisilostahili kushukuriwa. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi mara saba au nane, na kila mara nikasimama nikaendelea kutembea.

Mvua zikaja. Turubai likabonyea, likajaa maji, maji yakakauka yakaacha tope, na juu ya tope yakadondoka majani ya mgunga. Ukilitazama kwa mbali ungesema ni ua tu, ardhi kama ardhi nyingine.

Jirani yetu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mwenye shamba dogo la zabibu nyuma ya ukuta wa michongoma. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akiitikia huniuliza habari za Kondoa kana kwamba ametoka huko jana. Alikuwa akiishi na binti yake na mjukuu wake, Neema, mtoto wa miaka mitano asiyejua kutembea, anayejua kukimbia tu.

Mchana ule nilikuwa naanika nguo. Mwanambuzi wao akapenya kwenye tundu la michongoma akakatiza uani kwetu. Nikamwona, sikujali. Nyuma yake akaja Neema. Mbuzi alipita pembeni, kwenye saruji. Neema alikata njia katikati.

Hakupiga kelele. Nilisikia mlio mmoja tu, kama gunia linalodondoshwa, na nilipogeuka niliona jiwe likiburutwa na turubai likizama. Nikakimbia. Nikalivuta turubai kwa nguvu zote, likachanika, na chini yake sikuona kitu. Kumbuka, ilikuwa saa saba, jua la utosi, lakini maji yale hayakuonesha hata kiganja changu nilipokiingiza. Mtoto alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na nilikuwa kipofu.

Sikuwa najua kuogelea. Nikaingia. Kwa bahati maji yalikuwa yamepungua sana kwa kuvuja kule kwenye pampu, yakanifika kifuani. Nikawa natembea naburuta miguu juu ya utelezi, nahesabu pumzi zake badala ya zangu. Upande wa kwanza hakuna. Nikarudi. Mguu ukagusa nguo. Nikajitupa chini, nikamshika gauni, nikamtoa.

Alikuwa mlegevu, midomo imebadilika rangi. Mzee Ndahani alikuwa ameshasikia nikiita, akaja amepita palepale kwenye tundu, miba imemchana mikono. Akamlaza Neema, akamsafisha mdomo kwa kidole, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, mara moja, mara ya pili, mara nyingi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nasoma kila dua niliyofundishwa. Mtoto akakohoa, akatapika maji ya kijani, akalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, mpaka leo.

Alilazwa hospitali siku sita kwa sababu ya kifua. Siku ya saba alirudi nyumbani, na jioni yake Mzee Ndahani akaja kwangu. Nilijua nitafokewa, nilitamani kufokewa. Akavuta kigoda, akakaa ukingoni mwa bwawa.

"Binti yangu," akasema, "maji yakichafuka, hata mtoto anayaogopa. Ungeyaacha wazi, Neema angesimama akashangaa, akarudi. Wewe uliyafunika. Ulitaka kujifichia macho yako, ukatufumba macho sote."

Mficha maradhi, kifo humfichua, na kifo kilikuwa kimepita pale uani kikatazama kisha kikaondoka.

"Mpigie mwenye nyumba," akaniambia. "Mpigie sasa hivi, mimi nimekaa hapa."

Nikapiga. Nilimweleza Mama Tunu yote, tangu wiki ya kwanza niliyoruka mpaka mtoto. Sikujitetea. Kwanza akauliza kama mtoto ni mzima. Nikamwambia amerudi nyumbani leo. Akasema, "Nitakuja mwezi wa sita. Nikikuta ulivyonieleza ndivyo ilivyo, tutazungumza. Nikikuta uongo mwingine, Hadija, utanipa funguo."

Mwanangu, kuna kulia na kuna kufanya kazi, na machozi hayajawahi kusafisha bwawa. Alfajiri ya pili nilifunga kanga kiunoni nikaingia humo na ndoo. Mzee Ndahani alikataa maji yamwagwe barabarani. Dawa yote ilishakwisha nguvu siku nyingi, akasema mizabibu yake haichagui. Basi nikateka ndoo baada ya ndoo, nikapitisha juu ya michongoma, naye akapokea. Siku nne. Mabega yangu yalivimba. Halafu nikasugua kuta na sakafu kwa brashi, shibiri kwa shibiri, magoti yakachubuka. Nikamwita fundi wa pampu, nikamjibu ukweli aliponiuliza habari za chujio. Akatikisa kichwa, akatengeneza, maisha yakaendelea. Aibu niliyoikimbia miezi yote ile ilidumu muda wa kunywa kikombe cha chai.

Lori la boza likaleta maji mapya. Nikawasha pampu, nikapima, nikaweka dawa, nikapima tena. Nikamwomba Mama Tunu ruhusa ya kuzungushia bwawa uzio wenye mlango na kufuli, akakubali. Tundu la michongoma nililiziba mwenyewe.

Mwezi wa sita alikuja. Alizunguka bwawa mara moja, akaona hadi wavu wa chuma wa tundu la maji sakafuni, kule kwenye kina. Akaniomba nimpeleke kwa Neema. Nilibaki katika nyumba ile miaka kumi na miwili zaidi. Ila nisikudanganye kwamba yote yalipona. Mama yake Neema hakuniitikia salamu mpaka zabibu zilipovunwa mara mbili, na sikumlaumu. Nilimsalimia kila siku vilevile.

Sasa wewe. Usingoje mtu aje ndipo ufanye kazi; maji hayajui kama mwenyewe yupo au hayupo. Pampu iwashe hata kama hakuna anayekuona. Usiku ukiisha, nenda ukatazame sakafu ya bwawa. Siku usiyoiona, acha mengine yote ushughulikie hilo. Uzio ufungwe, na kufuli ulijaribu kwa mkono wako, usiamini macho. Usitandaze kitu juu ya maji ambacho hakiwezi kubeba mtoto. Kitu kikiharibika, sema siku hiyo hiyo, kikiwa bado kidogo. Siku hizi una simu ya picha. Usimtumie mwenye nyumba picha ya upande wenye nafuu tu. Na ukishakosea, maana utakosea, usikae ukijihurumia. Ingia ndani ya maji, anza kuchota.

Uliyekabidhiwa vya watu umekabidhiwa na uhai wa watu, hata kama kwenye makubaliano halikuandikwa neno hilo. Nenda mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi usioogopa ukweli, na kila watakaporudi wenye nyumba, wakukute umesimama mlangoni huna cha kuficha. Amina.