Upande Ulioungua

Enzi hizo studio yetu ilipiga picha za vitambulisho tu, na mpiga picha wetu alikuwa binti mkimya, vidole vimekoza kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Kabla ya kila picha alifuta lenzi kwa pindo la gauni, kisha akasema taratibu, "Usicheke kama hujisikii." Wengine walicheka kwa neno hilohilo.

Siku moja akaja mama aliyeungua shavu zima, kajifunika mtandio, kovu likichungulia pembeni. Mwenye studio akamnong'oneza binti, "Mgeuze, kovu liingie kivulini." Binti akaisogeza taa, akaielekeza palepale penye kovu. "Ukiwa tayari, mama, jifunue." Yule mama akashusha mtandio. Picha ilipokauka, mwenye studio akawahi kuomba radhi: "Hiyo alama tutaifuta, mama."  Mama aliishika picha kwa mikono miwili. "Wanangu hawajawahi kuniona hivi," alisema. "Hata nyumbani najifunika. Nitengenezee kubwa, ya sebuleni." Akatoka, mtandio mabegani. Binti akaingia chumba cha giza, akajifungia kuitengeneza ile kubwa, na tulipomwita kula hakutoka.